Uhandisi wa nyuklia na lishe ya binadamu: kozi hizi zinahusu nini hasa?

Katika orodha ya kozi za vyuo vikuu, haya ni majina mawili yanayoeleweka vibaya. Nyuklia huwatisha watu kwa sababu mawazo yao hukimbilia kwenye bomu. Lishe nayo hudharauliwa, ikidhaniwa kuwa ni mafunzo ya upishi. Anayechagua kozi kwa kusikia jina tu atakosea kwa zote mbili, na hata asijue kuwa kuna mahali zinakutana.

Uhandisi wa nyuklia ni taaluma ya kutumia kwa usalama nishati na mionzi itokayo kwenye kiini cha atomu. Mwishoni mwa 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann waliona kwamba urani iliyopigwa kwa nyutroni, chembe zisizo na chaji zipatikanazo kwenye kiini cha atomu, huzalisha bari, elementi nyepesi kuliko urani. Lise Meitner na Otto Frisch ndio walioeleza sababu: kiini kimepasuka vipande viwili. Mpasuko huo hutoa joto na kwa kawaida nyutroni mbili au tatu, ambazo nazo zinaweza kupasua viini vingine. Tarehe 2 Desemba 1942, mjini Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia, yaani mtambo ambamo mfululizo huo ulijiendesha wenyewe huku ukidhibitiwa.

Kudhibiti ndiyo roho ya kozi hii. Kinu kinapokwenda kwa nguvu isiyobadilika, katika nyutroni za kila mpasuko ni moja tu, kwa wastani, inayosababisha mpasuko mwingine. Zilizobaki hunyonywa au hutoroka. Na hapa kuna jambo ambalo binafsi huniacha na mshangao kila ninapolifikiria: sehemu ndogo ya nyutroni, isiyofika asilimia 1, haitoki papo hapo bali huchelewa, nyingine kwa sekunde kadhaa. Uchache huo uliochelewa ndio unaoipa mitambo nafasi ya kusogeza fito za kudhibiti, zile zinazonyonya nyutroni. Bila huo, nguvu ya kinu ingebadilika haraka kuliko chuma chochote kinavyoweza kusogezwa.

Lakini sehemu kubwa ya masomo ni joto. Kinu kikizimwa, masalia ya mipasuko huendelea kutoa joto, mwanzoni karibu asilimia 6 ya nguvu iliyokuwapo. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011 vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilizimika tetemeko lilipotokea, kama vilivyoundwa. Kisha tsunami ikaharibu mitambo ya umeme wa dharura, upozaji ukashindikana, na joto hilo la masalia likayeyusha fueli katika vinu vitatu. Ndiyo maana mwanafunzi hutumia muda mwingi kwenye hisabati, mtiririko wa maji, tabia za metali zinazopigwa na mionzi, na uhifadhi wa taka.

Lishe ya binadamu ni sayansi ya jinsi mwili unavyopata, unavyomeng'enya na unavyotumia virutubishi, na yale yanayoupata vikipungua au vikizidi. Ndani yake kuna baiokemia, fiziolojia, takwimu na uchunguzi wa afya za jamii nzima. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, wawili wawili, kila jozi ikapewa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi zaidi. Ilipofika 1912 Casimir Funk alibuni jina lililozaa neno vitamini.

Tatizo sugu la fani hii ni kupima. Ukimuuliza mtu amekula nini jana, atasahau, au atataja kidogo kuliko alichokula. Hapo ndipo nyuklia inapoingia jikoni.

George de Hevesy, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943, alionyesha kwamba isotopu, yaani aina ya elementi inayotofautiana na nyingine kwa idadi ya nyutroni tu, inaweza kutumika kama alama: mwili huipokea kama elementi ya kawaida, lakini kipimo huitambua popote ilipo. Katika lishe isotopu zinazopendwa ni zile tulivu, zisizotoa mionzi kabisa, kama deuteri, ambayo ni haidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada. Watu wengi hawajui hilo, na hushtuka bure wanaposikia kwamba mtoto mchanga anahusika katika kipimo cha "kinyuklia".

Kipimo chenyewe huenda hivi. Mama anayenyonyesha hunywa kiasi kidogo cha maji yenye deuteri. Maji hayo huenea mwilini mwake, huingia kwenye maziwa, na kwa njia hiyo humfikia mtoto. Kwa siku 14 huchukuliwa sampuli za mate au mkojo wa wote wawili. Namna deuteri inavyopungua kwa mama na inavyopanda kisha kushuka kwa mtoto huonyesha mtoto amenyonya maziwa kiasi gani kwa siku, na pia kama amepewa maji kutoka kwingine. Vipimo vya aina hii vimebaini mara kadhaa kwamba watoto walioripotiwa kunyonya maziwa ya mama pekee walikuwa wakipewa na vinywaji vingine.