Kisasi si hasira

Wapo wanaotumia "kisasi" kwa maana ya hasira kali: "uso ulimjaa kisasi." Hapo neno limepotoka. Kisasi ni tendo la kumrudishia mtu ubaya aliokutendea. Tazama vitenzi vyake: hasira hupanda na kushuka, kisasi hulipizwa. Ghadhabu ni hasira iliyochemka, nayo yaweza kuisha bila kumgusa mtu. Kile kinachobaki moyoni kimyakimya, kikingoja siku yake, ni kinyongo. Basi andika: "Alijaa ghadhabu, akaapa kulipiza kisasi." Wingi wake ni visasi, ingawa hiyo "ki" si kiambishi cha asili, ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, qisas. Na kisirani? Hicho ni nuksi au ukorofi tu, hakidai malipo.