Kadiotoksisiti: dawa ya saratani inapougusa moyo

Shangazi yangu wa Mikindani alimaliza dripu za saratani ya titi Dar es Salaam, akarudi nyumbani. Msimu wa korosho ukafika, naye hawezi kutoka uani hadi barabarani bila kusimama kuvuta pumzi. Sote tukasema ni uchovu wa dawa. Siku moja nikambonyeza juu ya kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. Ndipo aliponiambia kwamba usiku analalia mito mitatu, akilala chali anakosa hewa.

Ulikuwa moyo. Madaktari huita hali hii kadiotoksisiti, yaani madhara ya dawa kwa moyo na mishipa ya damu.

Inayojulikana zaidi kwa hilo ni doksorubisini, ile dripu nyekundu. (Mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada yake ni rangi ya dawa tu, usiogope.) Dawa hii huua seli za saratani, lakini huumiza pia misuli ya moyo, na seli za moyo zikifa ni nadra sana kuzaliwa nyingine. Kwa hiyo dozi yake hujumlishwa maisha yote. Mara nyingi mgonjwa wa titi hupewa mizunguko 4 ya miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, jumla 240. Ikipita 400 hatari hupanda haraka. Dalili huweza kuja hata miaka mingi baadaye, hasa kwa mwenye presha, kisukari au aliyechomwa mionzi upande wa kushoto.

Trastuzumabu, dawa ya saratani yenye HER2 nyingi (protini inayoichochea ikue), ni tofauti: hulegeza moyo, lakini mara nyingi nguvu hurudi ikisimamishwa. Anayeitumia hupimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kila miezi 3. Kipimo hicho huonyesha moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu iliyo ndani yake kwa kila pigo. 55 kwenda juu ni salama, ikishuka chini ya 50 daktari huifikiria dawa upya.

Usiache tiba kwa hofu, saratani haisubiri. Ila kutoka Mtwara hadi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500, na daktari wa Ligula, hospitali ya mkoa wetu, hawezi kukisia ulipewa nini huko. Shangazi, ambaye sasa anakunywa vidonge vya moyo, kadi yake ya dozi huifunga kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na ya bima.