Mti wa Vifaa Unapokosewa: Haipavaiza Isimame Wapi na Iendelee Wapi

Haipavaiza ni programu inayokaa chini ya mifumo endeshi na kuigawa mashine moja halisi kuwa mashine pepe kadhaa. Kabla haijagawa chochote, haina budi kujua imekabidhiwa nini: kumbukumbu inaanzia anwani gani na ina ukubwa gani, prosesa ni ngapi, kidhibiti cha vikatizo kiko wapi, na ni maeneo yapi ya kumbukumbu yasiyoruhusiwa kuguswa. Katika mashine nyingi za ARM habari hizo huandikwa katika mti wa vifaa, yaani faili ya baiti ambayo programu ya uwashaji, mara nyingi U-Boot, huiweka kwenye kumbukumbu na kuipa haipavaiza anwani yake. Makala haya yanahusu namna ya kushughulikia kosa lililomo katika mti huo wakati haipavaiza ndiyo kwanza inawaka. Mifano yangu inatoka katika Xen, haipavaiza iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge na kutolewa mwaka 2003, na ambayo toleo lake la 4.3 la mwaka 2013 ndilo lililoleta uwezo wa kuendesha prosesa za ARM.

Ninaifanya kazi hii Malindi, lakini baadhi ya mashine tunazozitunza ziko kisiwani Lamu. Kuzifikia ni kupita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha kuvuka kwa boti. Umeme unapokatika na kurudi, mashine hizo huwaka zenyewe, na anayekuwa karibu nazo ni mtu wa stoo au karani, si mtaalamu. Mtu huyo anaweza kunisomea kwa simu maneno yaliyo kwenye skrini, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia: mashine ikishindwa kuwaka, je, maneno iliyoyaacha yanatosha kunionyesha kasoro iko katika nodi gani ya mti, yaani tawi linaloeleza kifaa au eneo gani, nikiwa bado Malindi?

Hatua za mwanzo za kuwaka zina umaskini wake. Prosesa iko katika ngazi ya EL2, yaani ngazi ya mamlaka ya haipavaiza katika ARM, majedwali ya kurasa ni yale ya muda, hakuna mgawaji wa kumbukumbu, na hata mlango wa siriali, unaotumika kuchapishia ujumbe, huenda haujafunguliwa. Kila kinachokusanywa kutoka kwenye mti huwekwa katika safu za ukubwa uliowekwa tangu programu ilipokompailiwa, na safu ikijaa hakuna pa kuongeza. Xen huanza kwa kuukagua mti wenyewe: anwani yake lazima igawanyike kwa 8, ukubwa wake usizidi megabaiti 2, na baiti zake nne za kwanza ziwe alama 0xd00dfeed. Ukaguzi huu ni wa lazima, ila usitiliwe imani kupita kiasi. Kichwa cha mti wa vifaa kinataja ukubwa na mahali zinapoanzia sehemu zake, lakini hakina jumla ya uhakiki kama ile ya majedwali ya ACPI, njia nyingine ya kuelezea vifaa vya mashine, ambayo baiti zake zote zikijumlishwa katika nafasi ya biti 8 lazima zilete sifuri. Na hata jumla hiyo huthibitisha tu kwamba jedwali halijaharibika baada ya kuandikwa; haithibitishi kwamba lililoandikwa ni kweli.

Kosa linalonishughulisha zaidi ni lile la mti ambao umbo lake ni sahihi na maudhui yake ni ya uongo. Chukua bodi ya majaribio iitwayo virt ya QEMU, programu inayoiga mashine, ambayo kumbukumbu yake huanzia anwani 0x40000000. Tuseme ina gigabaiti 2. Sifa ya `reg` ya nodi ya kumbukumbu, inayotaja anwani na ukubwa wake, itakuwa na seli nne za biti 32: 0x0, 0x40000000, 0x0 na 0x80000000. Seli hizo hazina maana mpaka usome `#address-cells` na `#size-cells` za nodi mzazi. Zote zikiwa 2, seli mbili za kwanza ni anwani na mbili za mwisho ni ukubwa, na kila kitu kinakaa sawa.

Sasa tuseme aliyeandika faili ya bodi alisahau kuziweka sifa hizo mbili. Kanuni ya mti wa vifaa inasema kwamba zisipokuwapo, anwani huchukua seli 2 na ukubwa seli 1. Haipavaiza itasoma anwani 0x40000000 na ukubwa wa sifuri, kisha itabaki na seli moja isiyo na mwenzake. Kosa hili hukamatika kwa urahisi, kwa sababu baiti 16 za seli nne hazigawanyiki kwa 12 za seli tatu, na msimbo unaoangalia baki ya mgawanyo utalikataa papo hapo. Lakini msimbo unaogawanya na kuitupa baki utapata eneo moja la ukubwa wa sifuri, utaliruka, na muda mfupi baadaye mtu ataambiwa kwamba mashine haina kumbukumbu, ilhali kumbukumbu ipo.

Hali ni mbaya zaidi iwapo mzazi ameandikiwa 1 na 1. Hapo baiti 16 zinagawanyika kwa 8 bila baki yoyote, ukaguzi wa urefu unaridhika, na haipavaiza inapata maeneo mawili: la kwanza linaanzia sifuri na lina gigabaiti 1, la pili nalo linaanzia sifuri na lina gigabaiti 2. Katika bodi hiyo, chini ya 0x40000000 hakuna kumbukumbu ya kugawa. Kuna flashi kwenye anwani sifuri, kidhibiti cha vikatizo kwenye 0x08000000 na mlango wa siriali kwenye 0x09000000. Haipavaiza ikiamini ilichosoma, itaandika data zake juu ya rejista za vifaa. Kitu pekee kinachoweza kuliokoa jambo hili mapema ni kuuliza kama maeneo yanapishana, na ndiyo maana ninashikilia kwamba ukaguzi wa urefu peke yake hautoshi. Kompaila ya dtc, inayogeuza maandishi ya mti kuwa faili ya baiti, hutoa onyo pale `reg` isipolingana na seli za mzazi, lakini ni onyo tu, na faili hutoka vilevile. Isitoshe, U-Boot huibadilisha nodi ya kumbukumbu wakati wa kuwasha, kwa hiyo mti uliokaguliwa ofisini sio uleule unaoifikia haipavaiza.

Wengi hudhani kwamba kosa katika nodi ya kumbukumbu ndilo la hatari kuliko yote. Mimi naona kosa katika maeneo yaliyotengwa ni la hatari zaidi. Eneo la kumbukumbu likikosa kusomwa, mashine hupungukiwa tu, na upungufu huonekana. Eneo lililotengwa likikosa kusomwa, haipavaiza hudhani lina nafasi huru. Ni kama karani wa ardhi aliyepewa ramani isiyoonyesha kiwanja cha wakfu: atakigawa kwa nia njema kabisa, na ugomvi utaanza baada ya nyumba kujengwa. Hapa kiwanja ni kumbukumbu ya programu dhibiti ya usalama au bafa ya kifaa kinachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, na nyumba ni mashine pepe itakayoanguka baada ya wiki kadhaa bila sababu inayoonekana. Maeneo hayo huorodheshwa mahali pawili: katika nodi ya `reserved-memory`, ambayo nodi zilizo ndani yake husomwa kwa idadi ya seli iliyotajwa na nodi hiyo, na katika orodha iliyotajwa kwenye kichwa cha mti, ambayo siku zote hutumia jozi za namba za biti 64. Msimbo unaosoma moja na kuiacha nyingine haujamaliza kazi. Safu ya maeneo yaliyotengwa ikijaa, haipavaiza isimame. Kuendelea na orodha pungufu ni kuuruhusu mgawanyo ambao hakuna aliyeuthibitisha.

Kusimama, hata hivyo, kunahitaji kosa lifike kwa anayeamua. Msimbo wa kupitia mti huita kitendaji kimoja kwa kila nodi, na kitendaji hicho kikichapisha onyo kisha kikarudisha sifuri, mpitaji huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kila kitendaji kirudishe kosa lake, na kila kinachokiita kilipokee na kulipeleka juu bila kulibadilisha maana. Katika kulipeleka, namba hukanganya. Maktaba ya libfdt, inayotumika kusoma mti wa vifaa, hurudisha namba hasi kama mifumo mingine ya C, lakini namba zake ni zake mwenyewe: 1 hasi ni kutopatikana kwa nodi au sifa, ilhali katika mfumo wa errno, yaani namba za makosa za kawaida za C, namba hiyohiyo ni kunyimwa ruhusa, 9 hasi ni alama mbaya ya kichwa, ilhali kwingine ni kitambulisho cha faili kisicho halali. Zikichanganywa katika kigeugeu kimoja, anayesoma ujumbe atatafuta tatizo la ruhusa ambalo halipo. Vilevile kutopatikana kutofautishwe na kuharibika. Mti usio na maeneo yaliyotengwa ni mti halali, na mti wenye eneo lililotengwa lisilosomeka si halali hata kidogo.

Sisemi kila kosa liizime mashine. Xen inapokuta nodi ya prosesa yenye `reg` isiyofaa, hutoa onyo na kuiacha prosesa hiyo. Isipoikuta katika mti ile prosesa iliyoiwasha, hutangaza kwamba itatumia prosesa moja tu na kuendelea. Naukubali uamuzi huo, kwa sababu prosesa inayoendesha msimbo ipo bila shaka, na kukosa nyingine hakumnyang'anyi yeyote mali yake. Ninachojiuliza kwa kila nodi ni kama kuna ugawaji wowote utakaotegemea habari iliyokosekana. Kumbukumbu, maeneo yaliyotengwa, kidhibiti cha vikatizo na kipima muda vyote vina utegemezi huo. Kadi ya mtandao ya ziada haina.

Kuna tatizo moja ambalo haliondoki lote. Mlango wa siriali wa kuchapishia ujumbe nao umetajwa katika mti uleule wenye kosa. Xen ina njia ya kuchapisha mapema ambayo anwani ya mlango huwekwa wakati wa kukompaili, na kwa mashine ya mbali kama zile za Lamu naona inafaa kuiwasha kila mara unapojaribu mti mpya. Halafu kuna suala la kuanza upya. Kwa kawaida Xen ikikwama huianzisha mashine upya baada ya sekunde 5, isipokuwa kama imepewa amri ya `noreboot`. Lakini amri hizo zimo katika nodi ya `chosen`, na katika ARM mti hupitiwa kwanza ndipo amri zichambuliwe, kwa hiyo kosa la mti hutokea kabla katazo halijajulikana. Kwa makosa ya hatua hii ningependa msimbo usubiri bila kuanza upya, kwa kuwa mti utakaosomwa mara ya pili ni uleule, na aliye mbele ya skrini anahitaji muda wa kusoma.

Ujumbe wenyewe utaje njia kamili ya nodi, jina la sifa, urefu uliopatikana na urefu uliotarajiwa. Haya yote yanaweza kujaribiwa bila bodi yoyote: QEMU huandika mti wa virt kwenye faili kwa chaguo la `dumpdtb`, dtc huurudisha kuwa maandishi, nawe unaharibu sifa moja, unaukompaili tena na kuiwasha haipavaiza nao. Vijana wanaojifunza kwetu Malindi huanzia kwenye `#size-cells`, kisha `reg` iliyokatwa nusu, kisha maeneo yaliyotengwa mengi kuliko safu, na jaribio huhesabiwa limefaulu pale tu jina la nodi iliyoharibiwa linapoonekana kwenye mlango wa siriali.