Tundu la Umbo la Nane Halitibiwi kwa Ribiti Kubwa

Maombi ya kufunga mabawa ya ndege zinazojengwa nyumbani yanarudishwa kwa wingi, na sababu inajirudia: tundu la bati linalofunika bawa na tundu la ubavu (kipande cha ndani kinacholipa bawa umbo) hayakukutana, mjenzi akalazimisha. Hatumdhanii mtu nia mbaya. Kila aliyeshika keekee amewahi kutoboa pasipo pake, mkaguzi naye hajasalimika.

Kwa kawaida bati la bawa huwa sawa, ila chini yake mstari wa ubavu umekimbia milimita moja au mbili. Mjenzi anapitisha biti ya keekee na kuiegemeza pembeni ili ishike njia. Biti haikati kwa upande wake, inatafuna. Ukiinua bati unakuta matundu mawili yaliyolaliana kama tarakimu 8, na kiunoni ncha mbili kali za alumini. Ukigonga ribiti (pini ya kuunganisha mabati) humo, shina hufuria penye uwazi, kichwa cha nyuma kinalala upande, na ufa umeshapata pa kuanzia.

Hapo ndipo tunapoambiwa, tena na tena: "Nitaweka ribiti kubwa zaidi." Jamani, hesabu kwanza. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, umbali usipungue kipenyo cha ribiti mara mbili. Kati ya ribiti na ribiti, mara tatu. Chukua mkunjo wa ubavu, yaani ukingo wake uliokunjwa unapokaa ribiti, wenye upana wa milimita 15 na ribiti ya 3.2. Unahitaji 6.4. Tundu la katikati liko 7.5 kutoka ukingoni, likikimbia milimita 1 inabaki 6.5, umeponea chupuchupu. Sasa weka ribiti ya 4.0: unahitaji 8. Hiyo isingekaa hata kama ungetoboa katikati kabisa.

Kuziba kwa epoksi? Epoksi si alumini. Kulehemu ndiyo balaa zaidi, maana joto huondoa ugumu wa aloi za alumini za ndege, 2024-T3 na 6061-T6 pia.

Tundu lililopanuka kidogo tu, na umbali ukiruhusu, linaweza kusawazishwa kwa rima (kifaa cha kupanua tundu kwa usahihi) hadi saizi inayofuata, mabati yakiwa yamebanwa pamoja. Ubavu ulioharibika mara nyingi ni rahisi kuutupa kuliko kuutetea. Tengeneza mwingine, piga mstari katikati ya mkunjo kwa kalamu ya wino (si penseli, grafiti yake huchochea kutu), uangalie mstari huo kupitia matundu ya bati, toboa kwa biti ndogo, weka kleko (kibanio cha muda cha kushikilia mabati), ndipo uende tundu la pili. Ikiwa ni mhimili mkuu wa bawa, weka keekee chini. Usiguse kitu.

Utaratibu ni huu. Kabla ya kurekebisha, andika kwenye daftari la ujenzi namba ya kipande, mahali tundu lilipo, kipenyo chake kwa upana na kwa urefu, na umbali hadi kila ukingo. Piga picha. Mpelekee msanifu wa ndege au mtengenezaji wa vipande, na jibu lake liwe la maandishi. "Tulizungumza kwa simu" si jibu. Liambatishe, rekebisha, piga picha tena, kisha mwite mkaguzi kabla ya kufunga. Daftari hilo lina kazi nyingine pia: Marekani, kwa mfano, husaidia kuthibitisha kwamba sehemu kubwa ya ujenzi imefanywa na wajenzi wasio wa biashara.

Ukifunga kabla ya ukaguzi, utaambiwa ufungue kwa gharama yako, na kung'oa ribiti huzaa matundu mengine yaliyopanuka. Ikigundulika kasoro ilifichwa, kibali cha kuruka kinazuiwa, au kinasimamishwa kama kilishatolewa, na kazi yote hukaguliwa upya, hata ile iliyokwisha kupita.

Na kwenye picha weka rula kando ya tundu. Picha isiyo na rula inarudishwa.