Mtoto wa PP1 hashiki penseli? Mtoe nje kwanza

Mimi ni therapisti wa watoto hapa Kisumu, wale tunaitwa OT (occupational therapist), na kazi yangu kubwa ni mikono midogo: kushika, kufunga vifungo, kukata na makasi, kuandika. Shule zikifunguliwa Januari, wiki mbili tatu hivi na simu zinaanza. Mtoto ana miaka minne, yuko PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, mwalimu amesema haandiki, mzazi amenunua vile vitabu vya kufuatisha nukta, amemtafutia na tuisheni ya jioni, na sasa mtoto akiona tu penseli analia. Mzazi ananiuliza, daktari (mimi si daktari lakini nishachoka kukataa), nimwongezee muda wa kuandika ama? Hapana mama. Mpunguzie, halafu umtoe nje.

Nieleze kwa nini, maana wazazi wengine wanadhani ni uvivu naufundisha.

Kuandika kunaanzia begani. Mtoto ambaye hajapanda mti, hajaning'inia kwa tawi, hajabeba kajerikeni kadogo ka maji, bega lake halina nguvu ya kutuliza mkono, kwa hivyo kazi yote inaangukia vidole. Mwangalie kwa karibu akiandika herufi a: kiwiko kiko hewani, kifundo kimekunjwa kuelekea ndani, kidole gumba kimefunika vidole vingine, ulimi uko nje, karatasi imetoboka na bado ni mstari wa pili. Na hata mifupa yenyewe haijakuwa tayari. Kifundo cha mkono kina vifupa vinane na mtoto akizaliwa vyote bado ni gegedu, viwili vya kwanza vinaanza kukomaa ndani ya ule mwaka wa kwanza, vingine vinafuata polepole, cha mwisho mara nyingi hakianzi kabla ya miaka minane. Sasa wewe unataka mkono huo ujaze kurasa tatu za daftari usiku?

Dawa yangu haina gharama. Mpe akamue soksi zake mwenyewe. Ukikanda unga wa chapati mkatie donge lake. Ukichambua mrenda ama saga mkalishe hapo akusaidie kutoa majani kwa vijiti, maana ule mshiko wa kidole gumba na cha shahada ndio huo huo atashikia penseli. Mahindi makavu ayatoe kwa gunzi. Utasema hiyo ni kazi si mchezo, lakini muulize yeye.

Nikuje kwa hesabu, hapa ndio napenda sana. Nenda mahali popote wazee wanacheza ajua, ule mchezo wa bao, halafu uangalie watoto wamechimba mashimo yao kwa mchanga pembeni, safu mbili, wanatumia kokoto. Mtoto anachota kokoto za shimo moja anazigawa, moja hapa, moja pale, bila kuruka shimo. Hiyo ni kuhesabu kwenyewe, namba moja kwa kitu kimoja, ile inasumbua watoto wa PP1 wanaoimba moja mpaka ishirini haraka haraka na ukiwapa vifuniko sita vya soda wahesabu wanakwambia tisa. Baada ya muda hachoti tu, anatulia kwanza, macho yanatembea juu ya mashimo, anapiga hesabu kokoto ya mwisho itaangukia wapi. Akiona tatu anajua ni tatu bila kuhesabu. Hakuna mtu amemfundisha, na akikosea wenzake wanampigia kelele hapo hapo.

Halafu kuna kalongolongo, ule mchezo wa kuigiza mambo ya watu wakubwa, ambao watu wazima wanaudharau kabisa. Lev Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki 1934, aliliona hili mapema: mtoto akijifanya mtu mwingine anajizuia kuliko vile anaweza kujizuia akiwa yeye mwenyewe. Nimeona mtoto ambaye darasani hakai kwa kiti dakika tatu, lakini akipewa kazi ya kuwa konda wa matatu ya viti vya plastiki, anasimama mlangoni, anakusanya nauli ya majani, anarudisha chenji, anangoja abiria washuke ndio apande. Kungoja zamu, kukumbuka kazi yako, kutoruka sheria, hivyo ndivyo mwalimu anaita "kutulia darasani".

Lakini naomba msifanye mchezo kuwa somo jingine. Kuna mzazi akishasoma mambo kama haya anakaa chini na mtoto, hii ni rangi gani, hii ni umbo gani, tuhesabu basi, mpaka mtoto anaacha vitu hapo anaenda zake. Mchezo ukiwa na mwalimu juu yake mtoto anajua. Kaa karibu, ukialikwa ingia, ukipewa chai ya matope kunywa na ulipe.

Kuhusu ratiba, jua la Kisumu linazama karibu saa moja kasorobo mwaka mzima, na mchana joto ni lile mnalijua. Kwa hivyo muda mzuri wa nje ni kuanzia saa kumi na moja mpaka giza, basi. Ukimweka mezani na homuweki akitoka tu shule, akimaliza ni usiku, na kilichobaki ni simu na katuni. Geuza. Avue yunifomu, ale kitu, atoke acheze kati, brikicho, blada, chochote, giza likiingia aoge, halafu homuweki kwa taa akiwa mwili umeshatoa mvuke. Shirika la Afya Duniani kwa mwongozo wake wa 2019 linataka watoto wa miaka mitatu na minne wapate angalau dakika 180 za kusogeza mwili kwa siku, skrini isizidi saa moja, na usingizi wa masaa 10 mpaka 13. Piga hesabu ya hayo masaa ya usingizi na mtoto anayeamshwa saa kumi na moja asubuhi kungoja basi la shule, utaona tuisheni ya usiku haina mahali pa kukaa. Na ya likizo ndio kabisa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliikataza, ingawa sote tunajua inaendelea kwa majina mengine.

Najua wa fleti mtaniambia nje iko wapi, chini ni bodaboda na keateka hataki kelele kwa korido. Ni kweli, na sina jibu la kupendeza. Wazazi wawili watatu mkibadilishana zamu ya kukaa nao uwanjani inasaidia. Siku za mvua godoro sakafuni, kamba, maboksi, inatosha.

Ila kuna jambo linaniudhi, wacha niseme. Saa kumi na moja jioni wavulana wako na mpira, na dada yao wa miaka saba ana mtoto mgongoni na sufuria za kusugua. Haki ya kucheza iko kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, Kenya iliuridhia 1990, na haujasema wavulana. Wagawe kazi, wote watoke.

Sasa, si kila shida inaisha kwa mchezo. Kama mtoto ana miaka mitano na bado anashika penseli kwa ngumi, anaanguka anguka sana, hawezi kujivalisha hata fulana, anaogopa kupanda ngazi, ama haendi kabisa kwa wenzake, usingoje. Pale hospitali ya Jaramogi (JOOTRH) hapa Kisumu kuna idara ya OT, na kaunti ndogo zina vituo vya EARC vya kupima watoto, ulizia kwa shule yake. Ukienda beba daftari lake, na umwache avue na kuvaa viatu mwenyewe mbele ya therapisti, hata akichelewa, usimsaidie.