Mtoto anasoma au anaimba? Ninavyopima kusoma darasa la pili

Nazunguka kupima usomaji wa watoto wa darasa la kwanza na la pili shule za vijijini, Dodoma na Kanda ya Ziwa, na mara nyingi nikifika nakuta darasa zima linasoma ukurasa wa kitabu kwa sauti moja mpaka mwisho, hakuna anayekosea. Nampongeza mwalimu na namaanisha, maana kukaa na watoto 90 na kitu kwenye chumba kimoja si mchezo, na tangu elimu bila ada ianze 2016 yapo madarasa yaliyojaa kuliko hapo. Halafu namchukua mtoto mmoja, tunakaa chini ya mti, namuonyesha silabi "bi" peke yake. Midomo inaanza kucheza taratibu, ba, be, bi... "bi!" Yaani hajaisoma, ameifikia kwa kupitia zile za mbele. Ukimpa "mu" anaanzia ma. Huyo amekariri wimbo, na ukurasa ule wa darasani alikuwa anauimba.

Ndiyo maana vipimo kama EGRA, kipimo cha kusoma cha madarasa ya mwanzo ambacho kilianza kutengenezwa 2006 na hapa kwetu kikatumika kitaifa kwa darasa la pili 2013, vina sehemu ya maneno ya kubuni. Walimu wengi hawaipendi, wananiuliza kwa nini unampa mtoto neno lisilo na maana? Kwa sababu hawezi kuwa amelikariri popote. Nikiandika "fubi" mtoto mmoja anasoma fu-bi, mwingine anaangalia herufi ya kwanza tu anasema "fisi", "lodu" anasema "lori". Hapo nimeshajua wa pili anabahatisha, na kesho mwalimu wake aanzie wapi.

Sehemu nyingine ni sauti za herufi, silabi, kisha kahadithi kafupi anasoma kwa dakika moja, na maswali ya ufahamu. Hiyo dakika inaeleweka vibaya sana. Hatumkimbizi mtoto, tunaangalia kama anasoma kwa kasi inayomwezesha kukumbuka mwanzo wa sentensi akifika mwisho, maana anayetafuta silabi moja moja akimaliza "wa-li-po-ku-ta-na" keshasahau nani alikutana na nani. Na tafadhali tusichukue viwango vya maneno kwa dakika vya Kiingereza tukawawekea watoto wetu, "hawakumsalimia" kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni sentensi nzima.

Kitu kingine ni lugha ya nyumbani. Mtoto anayeongea Kigogo au Kisukuma kwao Kiswahili anakutana nacho sana sana shuleni, anaweza kukusomea hadithi vizuri kabisa ukimuuliza mbuzi alienda wapi anakutazama tu. Kuna maeneo l na r zinabadilishana, mtoto anasoma "kalamu" anatamka "karamu", hilo usimwekee kosa! Kusoma amesoma, amelitamka kama mama yake anavyotamka. Nimeona wapimaji wageni wakiwakata watoto kwa hilo na inaniuma, maana namba ile inakwenda kwenye ripoti kama mtoto hajui.

Na sifuri. Mwanzoni kabisa mwa kazi yangu nilimpima binti mmoja, hakutamka hata herufi moja, mstari wa kwanza ukaisha nikasimamisha kama utaratibu unavyotaka, nikaandika 0. Mchana nikamkuta anamsomea mdogo wake maandishi ya kwenye mfuko wa unga, anasoma kabisa. Aliniogopa, mgeni nina saa mkononi na tableti, na asubuhi ile alikuwa hajala kitu. Tangu siku hiyo sianzi kupima kabla hatujaongea, shikamoo, marahaba mwanangu, nyumbani mna mbuzi wangapi, yupi mkorofi, mpaka acheke. Nakaa pembeni yake, simkabili uso kwa uso, na wenzake wanaochungulia dirishani nawaomba warudi kwenye viti maana wanamnong'oneza majibu kwa huruma. Na ninapima asubuhi mapema, saa tano njaa ndiyo inajibu.

Uwezo, mradi wa kupima watoto kusoma na kuhesabu ambao hapa Tanzania walianza kupima 2010, wao wanawapimia watoto nyumbani na hilo nalipenda, kwa sababu ukipima shuleni wale waliobaki kuchunga ng'ombe siku hiyo hawapo kwenye hesabu yako, na mara nyingi hao ndio wako nyuma zaidi.

Mwalimu mwenye watoto 100 usingoje mtu wa wilayani aje. Chukua karatasi moja, juu herufi kumi zilizochanganywa, katikati silabi ambazo hazijafuatana, chini sentensi tatu ambazo hazipo kitabuni. Wakati wengine wanaandika ita watoto watano tu kwa siku, dakika tatu kila mmoja, kwenye daftari andika ameishia wapi: herufi, silabi, neno, sentensi. Siku 20 za shule umewamaliza wote, na wale wa kwanza uliowaita ukiwaita tena usiwape karatasi ile ile, watakuwa wameshaikariri.