Tangazo la kifo halimtaji mrithi

Kuanzia Kisumu hadi Nakuru, familia huzozana kuhusu majina ya kuingia kwenye tangazo la kifo, kwa imani kwamba aliyeachwa nje amepoteza urithi. Si kweli. Tangazo la gazetini au redioni hulipiwa na familia na huandikwa vile familia inavyotaka. Hakuna hakimu aliyelihakiki.

Marehemu akiwa hakuacha wosia, warithi hutambuliwa chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Safari huanza na cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayotaja wote walioachwa: wajane, watoto wa nyumba zote, hata binti aliyeolewa. Hapo ndipo penye hatari, maana jina likirukwa kwenye barua hiyo hurukwa pia kwenye hati ya kiapo inayopelekwa mahakamani. Kwa hivyo nenda kwa chifu mapema, na cheti chako cha kuzaliwa au cha ndoa mkononi.

Ombi la kusimamia mali ya marehemu huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kwa kawaida pingamizi huwekwa ndani ya siku 30. Ukichelewa, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi bado kinaruhusu mahakama kubatilisha hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha warithi. Tangazo lenyewe laweza kuwasilishwa kama ushahidi, ila ni mmoja tu kati ya mwingi.